Mvuje wa Ghorofani

Wenzangu mliowahi kuacha tofali liwashikie nafasi kwenye foleni ya sukari, mkaenda kucheza rede mkijua tofali lenu linaheshimiwa, ninyi ndio ninaowaandikia. Wengine mtatuvumilia. Sisi tulikula ugali wa unga wa njano mpaka tukausahau ule mweupe, tukafulia majani ya mpapai sabuni ilipoadimika, na sare zetu zikaenda shule hivyo hivyo na rangi yake ya kijani kwa mbali. Asubuhi tulikimbia mchakamchaka. Tukitoka shule tulishuka Jangwani kuchuma mchicha, kisha tukapanda sokoni Kariakoo, hatuna cha kununua, tunakwenda kutia mikono kwenye magunia tu.

Nani anakumbuka ule ubaridi? Unazamisha mkono kwenye gunia la choroko mpaka kwenye kiwiko, unasikia punje zinateleza kama maji yasiyolowesha. Dengu zilikuwa na kipembe kidogo kinachochoma kiganja. Adesi zilikuwa nyepesi, bapa, zinakwama kwenye kucha. Mwenye gunia alikuwa akipiga kelele, "Toa mkono wewe, utazipikia humo humo!" nasi tunahamia gunia la pili. Dengu za kukaanga tuliuziwa kwenye karatasi za daftari zilizoviringwa, na mimi nikimaliza dengu nilikuwa nasoma karatasi. Shule niliiacha darasa la sita, lakini nadhani zile karatasi zilinisomesha mpaka la nane.

Tulipanga chumba cha uani, nyuma ya Msimbazi, kwenye ghorofa mojawapo ya yale yaliyotaifishwa. Baba alikuwa utingo wa lori la Dodoma, tulimwona akipita. Nyumbani tulikuwa watatu: Mama, mimi na mdogo wangu Idi aliyekuwa na miaka mitatu. Mama alipika mbaazi za nazi na maandazi, anauza asubuhi pale mlangoni, na mtaa mzima ulimjua kwa mbaazi zake.

Ghorofani, juu yetu kabisa, alikaa mama mmoja mtu mzima wa Kigujarati pamoja na mwanawe fundi saa. Mwanawe alimwita Ba, yaani mama kwa kwao. Sisi watoto tukaona Ba peke yake haina adabu, tukamwita Bibi Ba. Alizaliwa Lindi, baba yake alikuwa mnunuzi wa mazao huko, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kuliko cha mwalimu wangu wa hesabu.

Kila siku adhuhuri, kabla ya adhana, harufu ilishuka kutoka kwenye dirisha lake. Mama aliitambua tangu siku ya kwanza tulipohamia. Mvuje.

Kwa wasioujua, mvuje ni utomvu mkavu wa mmea fulani, unanuka kama kitunguu saumu kilichosahauliwa ndani ya kiatu. Kwetu watu wa Pwani mtoto mchanga hufungwa kipande chake mkononi, kimeshonewa kwenye kitambaa cheusi, ili mashetani wakae naye mbali. Idi alikuwa nacho, nami nilikuwa nacho kabla yake. Ndiyo maana Mama, akiisikia harufu ile kila mchana, hakuwa na shaka hata kidogo kwamba huko juu kuna shughuli ya kupunga pepo.

"Wanamtoa tena," alikuwa akisema huku akikuna nazi. "Jini gani mkaidi hivyo? Mwaka wa tatu huu hatoki!"

Tulikuwa tunacheka. Mwaka ule Idi alipopata surua, Mama aliacha kucheka.

Surua yenyewe ilipita, ila ilimwacha mtoto hayuko sawa. Mdomo ulijaa vidonda. Alikuwa hatembei, anakaa pale ulipomweka. Nywele zikawa laini na nyekundu, kisha miguu ikaanza kujaa, ukibonyeza kwa kidole shimo linabaki. Kliniki nesi alimwambia Mama, "Huyu anataka vyakula vya kujenga mwili. Maziwa, mayai, nyama, samaki, au basi jamii ya kunde." Mama akaniangalia kana kwamba mimi ndiye niliyeficha maziwa. Ya kopo hayakuonekana madukani, na ya ng'ombe yaliisha foleni ikiwa bado ndefu. Akapata samaki, Idi akafumba mdomo. Akampa mbaazi zake mwenyewe, akaziponda kwa mwiko. Idi akatema maganda moja moja, analia, kwa sababu kila ganda lilikuwa linakwaruza vidonda.

Jioni moja Mama akatoa hukumu. "Huu si ugonjwa wa kliniki. Wanachokitoa huko juu kinaanguka wapi? Si hapa chini? Kimemkuta mtoto mnyonge, kimekaa. Jumamosi nampeleka Kisarawe akaaguliwe, sindano basi."

Ilikuwa Jumanne. Nilikuwa na miaka kumi, na nilikuwa nimemwona mtoto wa jirani aliyekwenda shamba akiwa na miguu kama ile. Hakurudi.

Kesho yake sikwenda shule. Nilipanda ngazi.

Nilitaka kumwona huyo jini, nisiwadanganye. Nikamkuta Bibi Ba ameketi chini na ungo, anachagua mawe. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanisogezea upande wa ungo bila kuniuliza nimefuata nini. Ukutani palikuwa na makopo yamepangwa kama wanafunzi mstarini. Nikauliza hili lina nini, na lile, na lile. Mtu mwingine angenifukuza. Yeye alijibu yote.

"Hizi choroko. Ukiziloweka zikachipua unawapa watoto na wagonjwa, hazina vurugu tumboni. Hizi dengu, zinashibisha, ukisaga unapata unga wa bajia zako unazozipenda. Adesi hizi, zinaongeza damu, na haziringi, zinaiva upesi. Na hii ni dali. Sisi nyumba hii hatuli nyama tangu babu na babu. Misuli yetu inatoka humu."

"Ukila dali peke yake?"

"Na wali, au na chapati. Kimoja kina kitu ambacho mwenzake hana. Vikikutana mwili unashukuru."

Nilikuja kusikia maneno hayo hayo miaka mingi baadaye, nikihangaika na vibarua huko Shinyanga, kutoka kwa bwana lishe mmoja aliyekuja na chati na fimbo. Alichukua saa nzima kusema alichosema Bibi Ba akiwa anachagua mawe.

Sufuria yake ilikuwa jikoni inachemka, rangi ya manjano, laini kama uji. Akapasha mafuta kidogo sana kwenye kijiko cha chuma, maana mafuta nayo yalikuwa adimu, akatupia haradali zikaruka pa pa pa, akatia binzari nyembamba, kisha akakwangua kitu kutoka kwenye kikopo. Harufu ikanipiga. Mvuje! Nikarudi nyuma mpaka ukutani.

"Bibi, huo wa nini?"

"Huu?" akasema, akimimina kile kijiko kwenye sufuria, chwaaa. "Unatoa upepo."

Akanipa bakuli nimpelekee mgonjwa. Nikashuka ngazi kwa makini, tone lisimwagike, na kama mtoto mwaminifu nikatoa taarifa yote. "Mama, Bibi Ba kampa Idi dali. Imetiwa mvuje. Anasema unatoa upepo."

Nyie mnajua upepo kwetu ni nini. Mtu akisema fulani ana upepo, humfungulii dirisha, unamtafutia mtu wa kumwagua. Mama alilichukua bakuli kwa vidole viwili, akaenda nalo mpaka mferejini, akalimwaga. Chakula, wakati ule! Kuku wa jirani wakakivamia. Mama akasimama mkono kiunoni, akawaangalia kuku mpaka alasiri aone nani ataanguka. Kuku hawakuanguka. Walirudi mferejini kuuliza kama kuna kingine.

Nilirejesha bakuli juu nikilia. Bibi Ba akauliza mtoto amekula? Nikasema, "Wamekula kuku." Kisha nikamweleza habari nzima, jini wa mwaka wa tatu, Jumamosi, Kisarawe. Akavaa ndara zake. Tangu tuhamie pale sikuwahi kumwona Bibi Ba akishuka uani.

"Hodi, Mama Mwajuma," akabisha, akimwita kwa jina langu.

"Karibu. Shikamoo." Mama alisimama mlangoni kama komeo.

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kumtazama mgonjwa."

Huwezi kumkataza mtu mzima kutazama mgonjwa. Mama akasogea. Bibi Ba akaingia, akambonyeza Idi mguu, akaliangalia lile shimo. Kisha akaushika mkono wake, akausogeza ule mfuko mweusi puani.

"Nani kamfunga mvuje?"

"Mimi."

"Wa nini?"

"Kwani hujui? Si unatoa upepo? Nawe si unafukiza kila siku huko juu?"

"Nafukiza?" Bibi Ba akageuka. "Mimi napika!"

"Unapika na dawa ya upepo?"

"Upepo wa tumbo, mwanangu! Mikunde inajaza tumbo. Huu unautoa kwa chini." Akaona Mama bado hajaelewa, basi akalisema neno lenyewe, lile ambalo watoto tulikuwa tunachapwa tukilitamka, mama mtu mzima, mvi zote zile. "Kujamba!"

Nilidhani Mama atakasirika. Aliziba mdomo kwa kanga. Mabega yakaanza kutikisika. Bibi Ba naye akaangua kicheko, akatafuta pa kukaa, akaketi juu ya mbuzi ya kukunia nazi, akaruka kwa yowe, na hapo Mama akashindwa kabisa, akakaa chini sakafuni machozi yanamtoka. Sijui mangapi kati ya machozi yale yalikuwa ya kicheko.

"Mwaka wa tatu," alikuwa anasema, "mwaka wa tatu namwogopa jini, kumbe watu wanajamba!"

"Wewe umemfunga mkononi, mimi nilimtilia kwenye chakula," Bibi Ba akasema alipopata pumzi. "Sote tulikuwa tunamtakia mema."

Mama akajifuta uso. Akasema kwa sauti ndogo kwamba dali hatampa, hata hivyo. Ni chakula cha Wahindi, mtoto hajakizoea.

Bibi Ba hakubishana. Alikwenda kwenye ndoo ambamo Mama alikuwa ameloweka mbaazi za kesho. Akachota konzi moja, akazisugua baina ya viganja. Maganda yakatoka, akayapuliza. Akaminya, mbaazi zikapasuka katikati, kila moja vipande viwili vya manjano. Akavitandaza kwenye kiganja cha Mama.

"Dali ndiyo hiyo."

Mama akaangalia. Akachukua mbaazi moja nzima kutoka kwenye ndoo, akaimenya mwenyewe kwa kucha, polepole, akaipasua. Mwanamke aliyepika mbaazi tangu hajabalehe. "Mbaazi hizi hizi?"

"Hizo hizo. Sisi tunazivua koti tu."

Zilipikwa pale pale uani, jioni ile ile, Mama akichochea na Bibi Ba akielekeza kutoka kwenye kigoda. Mvuje hawakutia, Mama alitia tui jembamba, na Bibi Ba aliponusa niliona amesogeza kigoda karibu. Ilipopoa Mama akachovya kidole, akampaka Idi kwenye mdomo. Idi akafumba. Akangoja. Ulimi ukatoka, ukalamba, ukarudi ndani. Hakutema. Mama akampa kijiko kimoja, cha pili, na cha tatu akakichelewesha kwa hofu, na Idi akanyoosha mkono ule wenye mfuko mweusi akakivuta kijiko.

Cha nne Mama hakukichelewesha.

Haikuwa miujiza. Ilichukua wiki nyingi, na kliniki aliendelea, sindano zake zote akapata. Lakini Jumamosi ilifika, ikapita, na Kisarawe hatukwenda. Miguu ilinywea kwanza, nywele zikafuata. Siku aliposimama akamfukuza kuku, Mama alipiga vigelegele, na kutoka dirisha la juu vikajibiwa.

Miaka hiyo ilipita. Bibi Ba alifariki nikiwa kwenye mizunguko yangu, na mwanawe akahama. Lile ghorofa limebomolewa, limesimama jingine la vioo. Mbaazi zetu siku hizi zinapakiwa melini kwenda India, nimewahi kushona magunia yake Lindi. Vijana nao wananunua unga wa protini kwenye kopo kubwa kama la rangi ya nyumba, wanaukoroga, wanaupiga picha, wanaunywa. Mmoja wao, mtoto wa Idi mwenyewe, aliniuliza, "Shangazi, hivi mbaazi nazo zina protini?" Nikamwambia amuulize baba yake.

Idi sasa ana kitambi na mvi. Anakaa ghorofa ya saba, nyumba nzuri, ina lifti. Mwezi uliopita nilifikia kwake siku tatu. Siku ya mwisho, nikiwa nafunga mzigo, nilimuuliza mlango unaotazamana na wake anakaa nani.

Akafikiri. Nilimwona anafikiri kweli, mdogo wangu, si kwamba alipuuza.

"Kuna mama mmoja hivi," akasema. "Ana gari jeupe."