Kaka Alimfuta Mama Kwenye Kompyuta, Mama Akarudi

Sijui wewe ungefanyaje. Mimi nilimwona mtu mzima, mwenye ndevu zake, akiruka kutoka kwenye kiti kwa sababu ya picha ya mama yake.

Mtu huyo ni kaka yangu wa tumbo moja. Picha ilikuwa kwenye kioo cha kompyuta. Na mama tulikuwa tumeshamzika.

Jumatatu kaka, kwa mkono wake mwenyewe, alikuwa amemfuta kwenye hiyo kompyuta. Alhamisi mama akarudi, tepu ya kupimia ikiwa shingoni, akimtazama.

Kaa nikusimulie. Na kama una ndugu mjuaji, mtumie na yeye asome.

Mama yetu alikuwa na karakana ya kudarizi. Mtaa mzima walimwita Mama Nyuzi. Nembo za shule, majina kwenye makoti ya hospitali, maua kwenye mashuka ya maharusi, vyote vilipita mikononi mwake.

Mashine yake ni kuukuu, kubwa, yenye vichwa vingi. Ikianza kazi, kinyozi wa jirani anaongeza sauti ya redio. Inapokea mchoro kutoka kwenye kompyuta kwa waya. Haina pa kuchomeka flashi, haijui mambo ya hewani. Waya basi.

Kompyuta nayo ilikuwa na mfumo wa zamani. Ilichelewa kuwaka, ikawaka kwa manung'uniko, lakini yenyewe na mashine walielewana. Mimi na mama tulifanya kazi nayo tangu nilipomaliza shule.

Kaka hakuwepo. Alikosana na mama, akafunga begi, akaenda zake mbali kuuza kompyuta dukani. Simu alipiga akijisikia. Mama alipougua, aliyekuwa anamgeuza kitandani ni mimi.

Sisemi hivi nipewe sifa. Nasema ili ujue nilikuwa na hasira kiasi gani alipotokea msibani na suti, analia kuliko mimi.

Baada ya mazishi familia ikakaa. Aliyeongoza ni mjomba, kaka yake mama. Kaka akasimama, akasema yeye ndiye mkubwa, yeye ndiye mwanaume, na yeye ndiye anayejua kompyuta.

Mjomba akashusha pumzi. "Haya, mkubwa aendeshe karakana. Ila kazi za wateja zikianza kuharibika, tutakaa tena."

Hakuna aliyeniuliza mimi nasemaje. Nikaenda kuosha vyombo vya wageni.

Jumatatu nikakuta kufuli jipya mlangoni. Ufunguo anao kaka. Alikuja wakati alioutaka, akafungua, akaiangalia kompyuta kwa kinyaa.

"Bado mnatumia takataka hii?"

"Inafanya kazi," nikamwambia.

"Ndiyo maana hamuendelei."

Akaanza kuweka mfumo mpya. Nikamwambia, "Kaka, ulizia kwanza kama mashine itaukubali. Ile ni ya siku nyingi."

Akacheka. "Mdogo wangu, wewe kaa na sindano zako. Hivi ni vitu vya watu waliosoma."

Shule tulisoma moja, na darasani nilimpita.

Mfumo ulipomaliza kuingia, kompyuta ikaomba neno la siri la mama. Kaka alikuwa kwenye simu, anamsimulia mtu jinsi anavyoibadilisha biashara ya familia. Akaniashiria kwa kidole niliweke. Nikaliweka, naye hata hakugeuka kutazama.

Kisha akakaa yeye. Akafungua akaunti yake, jina lake kamili na picha yake kavaa miwani ya jua. Akaweka neno lake la siri, akalificha na kiganja kama mtoto anayeficha mtihani.

Halafu akaifuta akaunti ya mama.

"Kaka, kwa nini unamfuta?"

"Marehemu haji kazini," akasema.

Nilitoka nje nikalia nyuma ya karakana, nimekalia maboksi ya nyuzi. Siku ile nilimchukia kaka yangu. Sio kununa wala kukasirika tu. Kumchukia kabisa, kwa moyo wote.

Kuanzia hapo nikitaka mchoro, nimsubiri aje, afungue, achague, anitolee. Karakana niliyoijenga na mama nimegeuka kibarua ndani yake.

Jumanne nikafunga fremu kwenye mashine, nikapanga nyuzi, nikamwambia atume mchoro.

Akatuma. Kimya.

Akatuma tena. Mashine imekaa tu.

Kompyuta yenye mfumo mpya haikuiona mashine kabisa. Waya umechomekwa, umeme upo, lakini kwa mfumo ule mashine ya mama haikuwepo duniani.

"Umechezea waya," akaniambia.

"Sijaugusa."

"Umeuchezea makusudi. Unataka nionekane sijui kitu."

"Hilo huhitaji msaada wangu."

Alinitazama kwa jicho ambalo lingekuwa kofi kama kinyozi hangekuwa mlangoni anaomba kuchajiwa simu.

Jumatano akashinda anachomoa na kuchomeka. Akanunua waya mwingine. Akapigia watu simu, kila mmoja akimwambia lake. Nami kazi ikanilalia kichwani, kwa sababu nilijua ni ya nani.

Ilikuwa ya Matroni, mkuu wa chuo cha uuguzi. Makoti meupe ya wahitimu wake wote, nembo ya chuo kifuani, yavaliwe Jumamosi kwenye mahafali. Mama ndiye aliyemhudumia miaka yote. Matroni akiondoka, karakana imekwisha, na kaka alilijua hilo kama nilivyolijua mimi.

Alhamisi asubuhi Matroni akaja mwenyewe. Mwanamke mfupi, viatu vya kazi, hana salamu ndefu.

"Makoti yangu yako wapi?"

Makoti yalikuwa mezani, yamekunjwa vizuri, meupe, hayana kitu kifuani.

Kaka akajikohoza. "Mama, karibu. Mimi ndiye mkurugenzi mpya. Huyu ni fundi wetu wa sindano."

Matroni akamtazama, akanitazama. "Huyu namjua. Wewe sikujui. Makoti yangu?"

"Tuna tatizo dogo la kimfumo. Nalimaliza sasa hivi, hapa hapa, mbele yako."

Usiku alikuwa ameambiwa na mtu kwamba mfumo mpya ukikukataa unaweza kuurudisha ule wa zamani, alimradi hujakawia. Jambo la kweli kabisa. Ndilo nililomwambia mimi Jumanne, akanijibu nisimfundishe kazi.

Akakaa. Akakunja mikono ya shati. Akaingia kwenye mipangilio, akapata mahali pa kurudi toleo la awali.

Ikatokea ilani. Akabofya endelea.

Ikatokea nyingine. Endelea.

Wajuaji hawasomi. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake, fremu mkononi, na nilisoma. Iliandika kwamba yaliyowekwa baada ya mfumo mpya yataondoka. Iliandika pia kwamba hakikisha unalijua neno la siri ulilokuwa ukitumia zamani, usije ukajifungia nje.

Endelea.

Ningeweza kusema. Mdomo ninao. Niliufunga, na sitakudanganya, nilisikia raha.

Kioo kikawa cheusi. Vidoa vikazunguka, vikazunguka. Kaka akawa anamweleza Matroni habari za teknolojia. Matroni akawa anahesabu makoti.

Kisha kompyuta ikawaka, kwa manung'uniko yake yale yale. Na mama akatokea.

Ni picha niliyompiga mwenyewe, siku tulipomaliza kazi kubwa. Tepu shingoni, uzi umemnasa kwenye kilemba, anacheka. Chini yake jina: Mama Nyuzi. Chini ya jina, kisanduku cha neno la siri.

Hapo ndipo kaka aliporuka. Kiti kikaanguka.

"Nilimfuta," akasema. Sauti ilikuwa ndogo. "Si nilimfuta?"

"Ulimfuta kwenye mfumo mpya," nikamjibu. "Huu ni wa zamani. Humu wewe hujawahi kufika."

Kweli, akaunti yake haikuwepo. Jina lake kamili, miwani ya jua, vyote vimekwenda na mfumo wake.

Akaokota kiti. Akavuta kibodi.

Akaandika jina la mama. Ikakataa.

Akaandika jina la baba. Ikakataa.

Akaandika jina langu. Niliviona vidole vyake kwenye kibodi, vikigonga herufi moja moja. Ikakataa.

Akaandika jina langu tena, kwa herufi kubwa. Ikamwambia asubiri kwanza.

"Neno ni nini?" akaniuliza, hajageuka.

"Weka kwanza ufunguo wa kufuli mezani."

"Unasemaje?"

"Umenisikia."

Matroni akaacha kuhesabu.

Kaka akatoa simu, akampigia mjomba, akaweka sauti ya nje ili Matroni asikie vizuri ninavyoivuruga familia. "Mjomba, huyu mtoto amekataa kunipa neno la siri. Mteja yuko hapa, kazi inaharibika."

"Neno la siri la nini?"

"La akaunti ya mama."

"Si ulisema una yako?"

"Imepotea. Niliifuta ya mama nikaweka yangu, sasa ya mama imerudi, yangu haipo."



"Ulimfuta dada yangu?" mjomba akauliza.

"Mjomba, ni akaunti tu."

"Mpe mdogo wako ufunguo. Tutakaa Jumapili."

Akautoa mfukoni akautupa mezani, ukateleza hadi kwenye makoti. Nikauchukua.

"Na utoke nje," nikamwambia.

"Utanifukuza kwenye karakana ya mama yangu?"

"Mpaka nimalize kuandika."

Akatoka. Akasimama na kinyozi, ametugeuzia mgongo. Nikaliandika neno, kompyuta ikafunguka, nikatuma mchoro. Mashine ikanguruma, vichwa vyote vikashuka pamoja, na redio ya kinyozi ikapanda juu. Matroni akavuta kiti akakaa kwa mara ya kwanza tangu aingie.

Makoti yake yalitoka Ijumaa jioni. Vidole vilikuwa vimevimba lakini yalitoka yote.

Jumapili familia ikakaa, karakana ikawa yangu. Sitakuchosha na maneno yaliyosemwa. Mengine hayaandikiki.

Kaka akafunga begi kwa mara ya pili. Mlangoni akageuka, macho mekundu, akaniambia, "Mama alikupa kila kitu. Hadi neno la siri. Mimi hakunipa hata hilo."

Sikumjibu. Nilitaka aondoke nalo hivyo hivyo, limkwame.

Wengi mkisoma hapa mtasema somo ni kusoma ilani kabla ya kubofya endelea. Sawa, someni. Lakini mimi somo langu ni hili: kabla hujamfuta mtu aliyekutangulia, ulizia alikuwa ameweka nini humo ndani. Inawezekana ni chako.

Kaka, najua unasoma huu ukurasa. Jirani yako wa kule ameniambia kila mara unachungulia. Simu yangu hupokei, basi pokea hapa, mbele za watu, kama ulivyoniita fundi wa sindano mbele ya Matroni.

Ulijaribu jina la mama, la baba, na langu mara mbili. Lako hukujaribu.

Unakumbuka ulivyokuwa mnene ukiwa mdogo? Unakumbuka mama alivyokuwa akikuita, hadi ukakua ukamkataza, ukasema unaaibika mbele ya marafiki? Akaacha kukuita. Akaanza kuandika.

Kibongewangu. Herufi zote ndogo, bila nafasi. Ndilo neno.

Kila asubuhi, kaka, tangu ulipoondoka. Mimi niliyebaki, mimi niliyemwogesha, ili niingie kazini ilinibidi niandike jina lako wewe. Niliwahi kumwomba mama alibadilishe. Akasema, "Nikiweka lingine nitalisahau. Hilo siwezi kulisahau."

Unadhani mimi nilijisikiaje?

Basi ujue, usije ukasema tena hakukupa kitu. Na usirudi kwa sababu ya hili, sijakusamehe.

Neno nimeshalibadilisha, nimeweka jina langu. Ila kila asubuhi vidole vinaanza na K, na inanibidi nifute nianze upya.