Haikwami

Bunduki yangu ya kuwindia sungura niliisifia kwa neno moja: haikwami. Niliipenda chapa yake hadi nikanunua kofia yenye nembo yake, paa anayeruka, nikaivaa hata kwenye nyama choma ya kanisa huku ughaibuni, Ingleburn. Mama mmoja Mkongo aliikodolea macho, akanirudishia sahani niliyompakulia.

"Papa, hii mbuzi ya kofia yako, ilikuwa kwa bunduki za wale waliua bwana yangu."

Jumatatu nilikwenda dukani kumsimulia Mzungu aliyeniuzia bunduki. Akatabasamu kama mzazi aliyesifiwa mwanawe.

"Unaona? Hata vitani haikwami."

Neno langu hilohilo, kutoka kinywani mwake, lilininukia mzoga. Niliiacha kofia juu ya kaunta, nikatoka nje kutema mate.