Jicho Lisilojua Kusema Sijui

Mjukuu wangu Idi, asubuhi moja ya miaka ya vita haijanitoka kichwani hadi leo. Nilikuwa msichana mwenye macho makali, na majivuno juu yake, basi watu wa Alunguli wakaniweka ukingoni niulinde mto. Nikiona wenye bunduki wanavuka kutoka Kindu, ng'ambo ya pili, nipige sufuria, watu wakimbilie porini.

Ukungu ulikuwa mzito. Ukatokea mtumbwi, na mbele amesimama mtu, kitu kirefu begani. Sikungoja hata kupepesa jicho, nikapiga. Mtaa mzima ukakimbia. Wale wa mtumbwini waliposikia sufuria walidhani hatari iko upande wetu, wakageuza kurudi Kindu, kwa wale wenye bunduki. Ukungu ulipoachia kidogo nikamtambua mjomba wangu Ramazani. Begani alibeba mchi wa kutwangia alioagizwa na bibi yangu. Yeye na mvushaji wake hatukuwaona tena.

Bibi hakunipiga. Aliniambia tu, "Macho yako iko mazuri, Zaina. Lakini ulipiga mbele ya kujua. Ungesema haujue, tungengoja kidogo."

Sasa wewe umefunga kamera yako pale pale ukingoni, iulinde mto kama mimi zamani. Ulinieleza ndani mna chipu ndogo kama ukucha, iliyotengenezwa kwa kazi ya kuona tu. Haili umeme mwingi, sola ndogo inaitosha, haiombi mtandao, na inataja inachokiona papo hapo. Nilikusifu, na sikukudanganya. Ijumaa unataka kuiunganisha na king'ora cha soko.

Lakini jana ulinionyesha picha zake za alfajiri. Ukungu mtupu, mto mtupu. Katikati, kamera imechora kisanduku chekundu na kuandika: mtu, bunduki. Kisanduku kikaja kwetu polepole, kikasimama, kisha kikageuka kurudi Kindu.

"Njo kosa ya ukungu tu, bibi," ulicheka. "Hakuna muntu pale."

"Ile kosa naijua," nilikujibu.

Sisemi ni mjomba, wala sisemi si yeye. Naogopa, basi. Usiivunje kamera yako, mwanangu. Ifundishe neno moja zaidi kabla ya Ijumaa: sijui. Ikilisema, king'ora kinyamaze, na mtu ashuke hadi majini, aite, asikilize nani anaitika.

Mungu aibariki mikono yako, akupe na moyo wa kungoja. Na Ramazani, kama bado anavuka, safari hii tumwache afike.