Gitaa la Bei ya Chini na Harusi ya Gakindu

Gitaa langu la kwanza la umeme lilifika Gatitu ndani ya katoni iliyobonyea upande mmoja, na kabla sijalitoa lote mume wangu alikuwa ameshauliza kwa nini linanuka rangi. Nilimwambia vitu vipya hunuka rangi. Hakubisha. Alirudi kwa ng'ombe wake.

Mimi ni fundi wa nguo, nina kibanda kando ya barabara, na tangu usichana nimepiga gitaa la mbao kanisani. Kisha kanisa likanunua kinanda na spika ndefu kuliko mimi. Kuanzia siku hiyo nilikuwa naona vidole vyangu vikienda, lakini sisikii chochote. Ndiyo maana nikaagiza la umeme, la bei ya chini kabisa, kwa sababu mazuri yalikuwa na bei ambayo ningelazimika kuieleza nyumbani.

Lilikuwa jekundu, la kupendeza kwa macho. Kulipiga kulikuwa jambo lingine. Nyuzi zilikaa juu sana ya shingo, hata kuzibonyeza kulinichosha mkono kuliko kukama. Vile vyuma vidogo vinavyopita kwenye shingo vilikuwa na ncha kali zilizotokeza pembeni, vikanichubua vidole, na Jumatatu satini ya wateja ikawa inanasa kwenye ngozi yangu. Nikikaza nyuzi vizuri kabla ya maombi ya kufungua ibada, kufikia wimbo wa pili zimeshalegea, na waumini wa mbele wananitazama kwa huruma.

Hapo ndipo washauri walipoanza. Sijui ni kitu gani kwenye gitaa la umeme kinachomfanya mwanamume asiyewahi kulimiliki ajione daktari wake. Mkuu wao alikuwa kijana wetu wa kinanda, anayefanya kazi benki mjini Nyeri na ambaye usiku hutazama video za mafundi wa ng'ambo.

"Hii gitaa si mbaya, mum," aliniambia. "Shida ni hizo vitu za kukaza nyuzi. Ukibadilisha hizo pekee, utaona."

Nikaagiza nyingine kutoka Nairobi. Zilipofika hazikuingia kwenye matundu, ikabidi niyapanue kwa drili ya mume wangu, na ufa mwembamba ukatokea kichwani mwa gitaa kama unywele. Nyuzi ziliendelea kulegea. Kijana akasema basi ni kile kipande cha plastiki kinachozishika juu. Nikakibadilisha. Akasema basi ni sumaku zinazodaka sauti, kwa sababu za bei rahisi huwa hazina uhai. Kila nilipobadilisha kitu kimoja, kile cha jirani yake kilionekana kibovu zaidi. Ni kama kumwekea shati kuukuu kola mpya: mteja anaiona kola siku moja tu, siku ya pili anaanza kulalamikia mikono.

Jambo moja tu lilifaulu, na hakuna aliyenishauri. Nilichukua tupa ndogo ninayonolea mikasi, nikakaa kibandani asubuhi ambayo hapakuwa na wateja, nikasugua ncha za vile vyuma mpaka zikawa laini. Haikunigharimu chochote. Nilipomwonyesha kijana wa kinanda alisema ni sawa, lakini tusisahau sumaku.

Kwa hiyo nikanunua sumaku, nikampelekea fundi wa redio mjini azifunge. Alinihakikishia kwamba redio na gitaa ni ndugu. Nilipolirudisha nyumbani mume wangu alilitazama, akatazama lundo la vipande vilivyotolewa mezani.

"Sasa hii ni ile ulinunua ama ni ingine?" akauliza.

Nilikasirika kwamba swali lake lilikuwa na maana.

Wiki hiyo binti wa mwenzetu wa kwaya alikuwa anaolewa Gakindu, nasi tulialikwa kuimba. Hema lilisimamishwa uani, mlimani, mashamba ya kahawa yakiteremka pande zote. Niliunganisha gitaa na amplifaya yangu, nikapiga wimbo wa kwanza, na kwa mara ya kwanza nikasikia kitu kinachofanana na muziki. Nikajisemea kwamba labda wale wanaume walikuwa wanajua. Wimbo ukaisha. Nikaondoa mkono kwenye nyuzi ili nifunue ukurasa.

Sauti ya mwanamume ikatoka kwenye spika yangu. Ilikuwa sauti nzito ya taratibu, ikizungumza Kikuyu, na mfawidhi wa sherehe aligeuka huku na huku akitafuta ni nani aliyeshika kipaza sauti. Mimi nilielewa kabla yao. Gitaa lilikuwa limedaka redio. Na katika vipindi vyote vya redio, lilikuwa limedaka matangazo ya vifo.

Bibi harusi alikuwa amekaa na keki mbele yake. Sauti ikatangaza kifo cha mzee fulani, ikataja watoto wake na walikoolewa. Kijana wa kinanda akaanza kunipungia mikono nizime. Niliona aibu ambayo sijui kuieleza, nikainama kushika swichi. Wakati huohuo tangazo la pili likaanza: jina la mwanamke, na kijiji chake.

Cucu wa bibi harusi, yaani nyanya yake, alikuwa mstari wa mbele, amefunikwa shuka magotini. Aliinua fimbo yake, si kwa hasira, akanielekezea mimi.

"Wacha iongee," alisema.

Mfawidhi akamwambia kwa upole kwamba ni hitilafu tu. Cucu hakumtazama. Nilipogusa nyuzi ili kujituliza, sauti ikafifia, nilipoziachia, ikarudi. Ikabidi nisimame wima, mikono hewani, tumbo la gitaa limeelekea mlimani, kama mtu aliyetekwa na majambazi, mpaka tangazo likaisha. Tukasikia maziko ni Alhamisi, na msafara utaondoka hospitali asubuhi.

Cucu akashusha fimbo. Alituambia kwamba huyo alikuwa mwenzake wa kuchuma kahawa tangu wakiwa wasichana, kwamba walikuwa wamebebeana watoto, na kwamba tangu miguu ianze kumsumbua hawakuonana. Watoto wa yule rafiki walikuwa na namba ya zamani ya cucu, ndiyo maana habari haikumfikia. Alisema hayo bila kulia. Kisha akaomba tumwombee marehemu, halafu tuendelee, kwa sababu marehemu mwenyewe hakuwahi kuondoka kwenye harusi mapema. Tukaomba. Nikazima amplifaya, na nyimbo zilizobaki tukaziimba kwa sauti zetu na kinanda. Bibi harusi alikata keki na kipande cha kwanza akampelekea cucu badala ya bwana harusi, na hakuna aliyelalamika.

Alhamisi nilimsindikiza cucu kwenye maziko, kwa sababu aliniomba mimi. Njiani hakunena neno kuhusu gitaa. Aliniuliza tu kama ningeweza kumshonea gauni jeusi kabla ya rafiki wa tatu kwenda, kwani kati ya watatu alikuwa amebakiwa na mmoja.

Wengine ndio hawakunyamaza. Kanisani watu walisema Mungu alilitumia gitaa langu, na mama mmoja aliniomba nisilitengeneze kamwe. Nilimjibu kwamba Mungu angeweza kumtuma mtu mwenye simu inayofanya kazi, na mimi ningepiga muziki. Jumatatu nilirudi kwa fundi wa redio. Alilifungua, akanionyesha waya mwembamba ambao ulipaswa kulehemiwa kwenye chuma kinachoshika nyuzi upande wa chini. Ulikuwa unaning'inia. Alipouacha hivyo, gitaa zima lilikuwa antena. Aliulehemu palepale, akanionea haya, na kijana wa kinanda, aliyekuwa amenisindikiza, akasema sasa kilichobaki kubadilishwa ni daraja tu, yaani hicho chuma. Nilimwambia akitaja daraja tena nitampunguzia suti yake ya Jumapili.

Gitaa sasa linalia vizuri kiasi. Lina ufa kichwani, na sehemu nyingi si zile lilizokuja nazo. Majuzi msichana mmoja wa kwaya alinijia kibandani na swali lilelile: anunue la bei ya chini, au asubiri? Nilitamani kumfukuza. Badala yake tulipanda mjini pamoja. Dukani nililishika gitaa, nikatazama shingo yake kutoka mwisho mpaka mwisho jinsi ninavyotazama upindo, na ilikuwa imenyooka. Nilipitisha kidole pembeni. Vyuma vilikwaruza kidogo. Nikamwambia alichukue, anunue nyuzi mpya, alete kwangu tulisugue kwa tupa, na asimruhusu mtu yeyote kulifungua, hasa anayemwambia kwamba si baya.