Vitenzi vya Jikoni Al Qusais

Kifaransa nilifundishwa na Mkameruni niliyelala naye chumba kimoja kwenye kambi ya wafanyakazi ya Al Qusais, Uarabuni, sote walinzi wa majengo ya Marina. Shule niliiacha mapema, wazazi walipofariki, ili wadogo zangu wasome. Yeye hakunipa vitenzi vya darasani. Alinipa vya mtaani: bouffer, kula; bosser, kupiga kazi; piquer, kuiba; cogner, kutwanga mtu. Hicho cha mwisho alinifundisha kwa ngumi ya bega.

"Umeelewa, bro, ama nirudie?"

"Usirudie."

Alasiri moja nilikuwa nasonga ugali, yeye akiosha sufuria. Wakaingia wawili wa kwao.

"Il a piqué mon téléphone," akasema mmoja.

"On va le cogner," akajibu mwenzake.

Nikaelewa kabla sijageuka: kaiba simu, watamtwanga. Simu yenyewe ilipotea asubuhi hiyo, na asubuhi hiyo Mkameruni wangu alikuwa bado getini Marina pamoja nami, tukimalizia zamu ya usiku.

Kambini tulikuwa na desturi: ugomvi ukianza, mikono nyuma. Kamera ilikuwa juu ya friji, na yeyote aliyeonekana ameinua mkono, awe amechokoza au amechokozwa, alipandishwa ndege kurudi kwao. Waliokuwa wakipika wote wakarudi ukutani, mikono mgongoni.

Ngumi ya kwanza ilimpasua mwenzangu juu ya jicho. Ya pili ikambwaga kwenye jiko. Akainuka, akakunja ngumi.

"Mikono nyuma!" nikamfokea, nikajiingiza katikati, vidole vyangu nimevipachika nyuma kwenye mkanda.

"Dégage, Mkenya! Toka!"

"Sitoki. Alikuwa kazini na mimi."

Mmoja wao akanichapa mdomoni kwa kifuniko cha sufuria. Jino likavunjika, damu ikanijaa kinywani. Mwingine akanipiga teke la mbavu, kisha jingine palepale. Sufuria ya ugali wa moto ilikuwa karibu na kiwiko changu, na nilitamani kumwagia mtu usoni. Lakini mdogo wangu wa kike alikuwa kidato cha nne. Ningeinua mkono, angeacha shule aende kufulia watu nguo. Nikabaki nimesimama, mikono nyuma. Wakanipiga mpaka msimamizi alipokuja kuwavuta.

Aliitazama video mara mbili.

"Hawa wawili, khalas, basi, nyumbani." Kisha akanigeukia. "Na wewe, kwa nini hukujitetea?"

"Nina watoto wa mama yangu, sir."

"Osha uso. Gari la zamu linaondoka."

Nilishindwa kuinama. Mkameruni, jicho limevimba hadi kufumba, alipiga magoti akanifunga kamba za buti, tukapanda gari.