Matuta Matano na Kosa la Msomaji

Admin, naomba ufiche jina langu, ijapokuwa huku kijijini upande wa Kate ukitaja jembe tu kila mtu atajua ni mimi. Nina miaka sabini na minne. Shule niliishia darasa la pili na haya nimeyaandika kwa kidole kimoja tangu juzi, kwa hiyo penye makosa mnivumilie, lakini msidhani mnaongea na mjinga. Katika Ufipa hii yote hajazaliwa mtu wa kuinua tuta akanishinda. Waliokuwa wanabisha wengine nimeshawazika.

Mwaka huu walikuja wanafunzi wanne wa chuo, kila mmoja na somo lake. Mmoja wa kompyuta, mmoja binti wa uuguzi, mmoja wa kilimo, mmoja wa uchoraji. Walisema wanajifunza kuonyesha takwimu kwa njia mpya, siyo michoro ya karatasi, ili hata asiyesoma aelewe. Wakapima watoto wa vitongoji vyetu vyote vitano. Halafu wakaona huku sisi ni watu wa matuta, basi wakainua matuta matano mbele ya ofisi ya kijiji, kila kitongoji na lake. Walitukusanya, na hawakutueleza kitu. Walitaka kwanza tuangalie tuseme tunaona nini.

Nikaona tuta la kitongoji chetu limeyapita yote. Sasa nyie wa mjini niwafundishe. Kwetu tuta ni majani uliyoyafukia yaoze, mvua zikirudi unalitawanya unapanda ulezi. Tuta kubwa ni mtu hodari, ni shibe ya mwakani. Basi nikacheza. Nililizunguka lile tuta na fimbo yangu juu, nikawaambia wa vitongoji vingine waje kwangu wafundishwe kulima, maana nilikuwa nawahurumia muda mrefu. Watu wangu wakapiga vigelegele.

Binti wa uuguzi akaangalia chini. Akasema taratibu kwamba tuta kubwa maana yake ni watoto wengi waliodumaa. Kwetu ndiko wako wengi kuliko kote.

Vigelegele vilikatika kama vimekatwa na panga. Aliyecheka ni yule kijana wa kompyuta, na simu yake ilikuwa imenielekea tangu mwanzo.

Hiyo ningeimeza. Ila baadaye akaniita Sumbawanga, ukumbi mmoja pale Katandala, akasema Babu njoo, kazi yetu inaonyeshwa na wewe umo. Nikavaa koti langu la kanisani. Nikakalishwa mstari wa mbele, nikajua leo naheshimiwa. Mara ukutani nikajiona mimi, mkubwa kuliko nyumba, nazunguka tuta na fimbo. Juu yangu kulikuwa na maandishi. Nikayasoma polepole, silabi moja moja: KOSA LA MSOMAJI. Ukumbi mzima ukacheka, mimi nikiwa nimekaa katikati ya kicheko na koti langu.

Yule kijana alinifuata nje. "Shikamoo Babu. Usichukie, wewe ni mfano tu."

Nikamwitikia marahaba, kwa sababu nililelewa. Lakini nijibuni kitu kimoja. Mtu akikuletea habari ya msiba kwa maneno ya harusi, ukapiga vigelegele, aliyekosea ni nani? Yeye ndiye aliyeandika kwa lugha ya matuta bila kuijua. Mimi nilisoma sawasawa.

Mungu si Athumani. Mvua ikayabomoa matuta yao, na Alhamisi hii wanakuja walimu wao pamoja na wageni kuwapa maksi palepale kijijini. Kijana akarudi kwangu ananibembeleza, maana hakuna fundi mwingine. Akaniachia kamba tano za kupimia mzunguko wa kila tuta, akaenda zake mjini, atarudi na hao wageni. Nikazigeuza. Kamba yetu, ndefu kuliko zote, nimeipeleka kwenye tuta la kitongoji cha mwenyekiti wa kijiji, na yao fupi nimeileta kwenye letu. Watu wa kule wana hasira za karibu. Akiyasoma matuta kama yalivyo atawaambia usoni watoto wao wamedumaa, watamtoa mbio. Akiyakana, atakuwa ameikana kazi yake mbele ya wanaompa maksi. Nitakaa mbele na koti langu, na mimi nitapiga video. Nitaiita Kosa la Mwandishi.

Nimeshamaliza. Yamesimama mazuri mpaka watu wanapita wanasifia.

Jana mkwe wangu, mke wa mwanangu, alitoka kliniki. Yule binti wa uuguzi kamwambia wageni watachagua Alhamisi hiyohiyo kitongoji cha kuanzia jiko la uji wa lishe, na watachagua kwa kuangalia tuta kubwa. Akapita ofisini akayaona. Alinikuta naosha jembe. Hakupaza sauti.

"Baba, tuta kubwa lilikuwa la Sesi."

Sesi ni mjukuu wangu, ana jina la marehemu mke wangu. Ana miaka mitano na hafiki kwenye mpini wa jembe langu. Mtoto wa jirani aliyezaliwa naye mwezi mmoja anaupita. Siku zote nilisema karithi ufupi wa bibi yake. Ghala langu limejaa mahindi, sikuwahi kulala njaa, ila wanasema mahindi matupu hayamkuzi mtoto.

Kuyabomoa na kuyainua upya kwangu ni kazi ya asubuhi moja. Lakini nikifanya hivyo yule kijana anapata maksi zake, na mimi nabaki ukutani nacheza. Msiniambie nisamehe, hilo padre ameshaniambia na sikulikubali. Nyie mliosoma nishaurini jambo moja tu: nimwaibisheje huyu kijana bila kumnyang'anya Sesi uji wake? Nijibuni upesi, leo ni Jumanne na udongo unaanza kukauka.