Homa Yangu ya Alhamisi

Mimi nina kiburi, na mume wangu alilijua hilo kabla hajanioa. Kwa hiyo mashine ya kuchakata mkonge kule Ngombezi anakofanya kazi, ile tunayoiita korona, ilipoharibika, naye akapunguziwa kazi kutoka siku sita hadi tatu kwa wiki, sikumwambia mtu. Nilijifunga kanga yangu nzuri nikaendelea kutembea kama mke wa meneja.

Shida ilikuwa kikoba, kikundi chetu cha kuweka na kukopa. Kila Alhamisi baada ya alasiri tulikutana hapa Makuyuni, nami nilikuwa narejesha elfu ishirini za mkopo wa cherehani. Mdhamini wangu alikuwa wifi yangu, dada wa mume wangu. Nikishindwa kulipa, zinakatwa hisa zake, na hisa zile alikuwa anazikusanya kwa ajili ya bati. Kuta za nyumba yake zilikuwa zimeshasimama, juu kukiwa wazi. Nilikuwa nikipita pale natazama upande wa pili.

Alhamisi ya kwanza niliuza kuku wawili. Ya pili nikauza majogoo, nikalipa huku natabasamu. Ya tatu banda lilikuwa tupu. Nikampigia simu katibu, nikakohoa kidogo, nikamwambia nina malaria.

Malaria na kikohozi wapi na wapi, lakini ndivyo nilivyofanya. Tena nilisahau jambo kubwa zaidi. Kikoba chetu kina mfuko wa jamii, na mwanachama akiugua, wenzake huenda kumwona. Mimi mwenyewe nimewahi kubeba sukari na sabuni kwenda kwa wagonjwa. Sijui akili ilikuwa imekwenda wapi.

Saa kumi na moja jioni nilikuwa nashona gauni la mteja, nakanyaga cherehani kwa kasi na kuimba pamoja na redio. Hodi ikapigwa. Nikaitikia karibu, kwa sauti ya mtu aliyeshiba. Wakaingia wanawake kumi na mmoja. Walikuwa wameahirisha kikao kwa ajili yangu. Mwenyekiti alitangulia na sukari, wifi yangu akafuata nyuma na chupa ya uji, na mimi futi ya kupimia inaning'inia shingoni.

Nikamwamkia mwenyekiti shikamoo. Akaitikia marahaba, kisha akaniuliza kwa upole kabisa homa imepanda mpaka wapi. Mmoja karibu na mlango akashindwa kujizuia, akacheka, na nyumba nzima ikalipuka. Nilicheka nao, halafu katikati ya kicheko nikajikuta nalia. Nikasema yote: korona, siku tatu za kazi, kuku walioisha.

Mwenyekiti hakunigombeza. Aliwakalisha wote mkekani, akamwambia katibu afungue daftari. Wakaniuliza naweza kulipa kiasi gani kwa wiki bila kuuza kitu cha ndani. Swali hilo hata mwenyewe sikuwa nimejiuliza. Nikapiga hesabu ya nguo ninazoshona, nikasema elfu nane. Wakaandika elfu nane, wakaongeza muda, na kazi ya mume wangu ikirudi nitapandisha. Kwa uongo wangu wakanipiga faini ya kuwashonea wote vitambaa vya kichwa bure.

Ila mpango mpya ulihitaji mdhamini akubali upya, na deni likirefuka, bati zake nazo zingechelewa. Akikataa, cherehani inakwenda. Wote wakamgeukia wifi. Alikuwa anamimina uji, akamaliza kikombe kwanza.

"Angekuwa nazo akajificha, ningejitoa sasa hivi," alisema. "Huyu kajificha kwa sababu hana. Naendelea kumdhamini." Akanikabidhi kikombe. "Ila wifi, siku nyingine ukikosa, njoo ukose mbele yetu."

Niliunywa ule uji wote, nikiwa na aibu na furaha kwa pamoja, na furaha ilikuwa nyingi zaidi.

Alhamisi iliyofuata nilifika wa kwanza. Nilipotaja elfu nane zangu kwa sauti, walinipigia makofi ambayo sikuwahi kuyapata nilipokuwa nalipa ishirini. Nikaenda kukaa ubavuni kwa wifi, akanisogezea nafasi kwenye mkeka. Sijawahi kudaiwa kwa raha kiasi kile.